Barua ya kumfukuza kocha niliiandika mimi

Barua ilikuwa na sentensi nne. Niliiandika usiku wa Jumapili, siku moja baada ya kipigo cha mabao 3-0, nikaigonga muhuri wa klabu na kumpelekea mwenyekiti asubuhi yake. Aliisoma akiwa amesimama. Akaniambia niongeze maneno "kwa makubaliano ya pande zote mbili". Makubaliano hayakuwapo. Muda huo kocha mwenyewe alikuwa uwanjani anapanga koni za mazoezi. Niliyaongeza.

Nilikuwa katibu wa klabu ya daraja la pili kutoka juu, kwenye ligi ya timu 16. Tulikuwa tumecheza mechi 13: tumeshinda 2, tumetoka sare 3, tumefungwa 8. Pointi 9, nafasi ya 15, na timu zinazoshuka zilikuwa 3. Katika mechi 5 za mwisho tulikuwa tumeokota pointi moja tu. Mfuatiliaji wa mpira hahitaji kuambiwa kinachofuata baada ya namba kama hizo. Kocha alikuwa amekalia kuti kavu, na sisi wa kamati ya utendaji tulishaanza kulisikia likilia.

Kikao kilikuwa cha watu 7. Watano walinyoosha mkono, wawili wakakataa. Mkono wangu ulikuwa wa nne kuhesabiwa, yaani ndio uliokamilisha wingi.

Nikiulizwa leo kwa nini niliunyoosha, jibu la kweli linahusu mpira kidogo sana. Jumamosi ile mashabiki walizuia geti karibu saa nzima baada ya mechi, viongozi tukatolewa kwa mlango wa nyuma. Niliogopa. Na kumfukuza kocha ndicho kitu pekee tulichokuwa na uwezo wa kukifanya ndani ya siku moja. Wachezaji 25 huwezi kuwafukuza. Mweka hazina aliyechelewesha mishahara kwa mwezi mmoja na nusu humfukuzi pia, hasa akiwa amekaa kiti cha jirani yako na yeye mkono wake uko juu.

Kikao kilichukua dakika arobaini hivi. Zaidi ya nusu ya muda huo tulijadili namna ya kutangaza. Hakuna aliyeuliza nani atasimamia mazoezi siku inayofuata. Kocha msaidizi aliletwa na kocha mkuu, akaondoka naye siku ileile, kwa hiyo Jumatatu jioni mazoezi yaliongozwa na kocha wa makipa. Aliwapigisha wachezaji wote mashuti, mabeki kwa mawinga, kwa sababu ndicho alichokijua. Wachezaji walifurahi sana. Ukitaka kumfurahisha mchezaji wa ndani, yaani asiye kipa, mpigishe mashuti.

Baada ya siku 9 tulimpata kocha mpya. Mtu wa sauti kubwa, mikono haitulii, anaongea na kila mchezaji kana kwamba ndiye nahodha. Mechi yake ya kwanza tulishinda nyumbani. Ya pili tukashinda tena nyumbani. Ya tatu tulikwenda ugenini tukatoka sare. Pointi 7 katika mechi 3! Kwenye geti lililozuiwa sasa watu walikuwa wanaimba. Mwenyekiti alinishika bega mbele ya watu akasema, "Katibu, tuliona mbali." Na mimi niliamini tuliona mbali.

Mechi 14 zilizobaki tulivuna pointi 13. Tulimaliza na pointi 29, tukashuka daraja kwa tofauti ya pointi moja.

Kwa miezi kadhaa nilikuwa na hesabu yangu ya kujitetea, na nilikuwa tayari kumpa yeyote aliyesimama karibu nami dakika mbili. Kabla ya kumfukuza kocha: pointi 9 kwa mechi 13. Baada ya kumfukuza: pointi 20 kwa mechi 17. Kwa mwendo ule wa mwanzo tungemaliza na pointi 21 hivi, tena tukiwa mkiani kabisa. Kwa hiyo tulifanya sawa, sema tulichelewa. Hesabu hiyo ukiipitia haina kosa hata moja, ndiyo maana ilinichukua muda mrefu kugundua kwamba inadanganya.

Niligundua nilipokuwa naandaa ripoti ya msimu. Ilibidi nipitie karatasi za mechi moja baada ya nyingine. Nikakumbuka kwamba miezi miwili ya mwanzo uwanja wetu ulikuwa unapandwa nyasi upya, na mechi kadhaa za nyumbani tulibadilishana na wenyeji wetu. Kati ya mechi 13 za kocha wa zamani, 8 zilikuwa za ugenini. Kati ya mechi 17 za kocha mpya, 10 zilikuwa za nyumbani. Na zile mechi mbili za kwanza za kocha mpya, zilizotufanya tuimbe getini? Zilikuwa dhidi ya timu mbili pekee ambazo hatujakutana nazo mzunguko wa kwanza: iliyokuwa ya 16 na iliyokuwa ya 14. Zote kwetu.

Halafu majeruhi. Beki wetu wa kati aliyekuwa tegemeo na kiungo mkabaji wote waliumia katika mechi ya 4. Walirudi mechi ya 14. Kocha wa zamani alipanga kikosi bila wao mara 9. Kocha mpya hakuwahi kupanga bila wao hata mara moja. Ripoti ya daktari wa timu ilikuwa kwenye faili langu mwenyewe, imeandikwa tarehe ya kurudi kwao. Ile karatasi ilikuwa ofisini kwangu usiku ule ninaandika barua.

Baadaye nikaja kujua kwamba wasomi wameshalichimba jambo hili kuliko sisi wa vikaoni. Jan van Ours na Martin van Tuijl walichunguza misimu 14 ya ligi kuu ya Uholanzi. Hawakuishia kuuliza kama timu hupanda baada ya kumtimua kocha, maana hilo hata mtoto analiona. Walitafuta timu zilizopitia kipindi kibaya cha namna ileile lakini kocha akabakishwa, wakalinganisha. Zote zilipanda, na zilipanda kwa kiasi kinachokaribiana. Kipindi kibaya huwa kimebeba bahati mbaya ndani yake: mpira umegonga mwamba, mwamuzi hakuona, beki kaumia. Bahati mbaya ya aina hiyo haikai mwaka mzima nyumba moja. Inapoondoka, aliyekaa kwenye benchi siku hiyo ndiye anayepewa sifa.

Ukishaujua mchezo huo unauona kila mahali. Manchester United walimfukuza José Mourinho Desemba 2018 wakiwa nafasi ya 6. Akaja Ole Gunnar Solskjær kwa muda, akashinda mechi zake 8 za kwanza mfululizo katika mashindano yote, Machi 2019 akapewa kazi moja kwa moja. Msimu ulipokwisha walikuwa nafasi ya 6. Burnley walimwondoa Sean Dyche Aprili 2022, mechi 8 zikiwa zimebaki, baada ya kukaa naye tangu 2012. Kocha wa muda, Mike Jackson, akavuna pointi 10 katika mechi 4 za kwanza. Siku ya mwisho ya ligi walishuka.

Lakini simwambii mtu kwamba kumfukuza kocha katikati ya msimu ni ujinga wakati wote. Ningekuwa nabadilisha woga mmoja kwa mwingine.

Angalia Leicester City. Msimu wa 2014/15 waliburuza mkia wa Ligi Kuu ya Uingereza kwa zaidi ya miezi minne. Nigel Pearson hakuguswa. Mwishoni wakashinda mechi 7 kati ya 9 na kumaliza nafasi ya 14. Pearson aliondoka msimu ulipokwisha, akaja Claudio Ranieri, wakatwaa ubingwa wa 2016 ambao hakuna aliyeutegemea. Miezi 9 baadaye, Februari 2017, timu ikiwa pointi moja tu juu ya mstari wa kushuka, Ranieri huyo huyo akafukuzwa. Watu walilia, nami nilikasirika kana kwamba ni klabu yangu. Msaidizi wake Craig Shakespeare alichukua timu, akashinda mechi 5 za kwanza za ligi, wakamaliza wa 12. Klabu moja, ndani ya miaka miwili, ilitoa majibu mawili yanayopingana, na yote mawili yakaiokoa.

Sunderland ndio wanaonisumbua zaidi. Misimu minne mfululizo, kuanzia 2012/13 hadi 2015/16, walibadilisha kocha msimu ukiwa unaendelea, na mara zote nne walibaki Ligi Kuu. Martin O'Neill akampisha Paolo Di Canio, Di Canio akampisha Gus Poyet, Poyet akampisha Dick Advocaat, Advocaat akampisha Sam Allardyce. Mwaka wa tano walimbakisha David Moyes mwanzo hadi mwisho, wakashuka wakiwa wa mwisho. Mtu wa haraka atasema: umeona, wangemfukuza na huyo wangepona. Mimi nikiangalia naona timu iliyomeza dawa ya maumivu kwa miaka minne bila kumwona daktari. Kila kocha alirithi kikosi cha kocha mwingine, akasajili wake wachache, akaondoka. Msimu uliofuata, wakiwa daraja la chini, walibadilisha tena katikati na wakashuka tena.

Sisi tulifanya hivyohivyo kwa kiwango chetu kidogo. Dirisha dogo, ule usajili wa katikati ya msimu, lilipofunguliwa kocha mpya alitaka wachezaji wake. Alikuwa na haki. Hakuna fundi anayependa kazi ya zana za mwenzake. Lakini fungu la dirisha dogo lilikuwa limeshaliwa na fidia ya kocha wa zamani, maana mkataba wake ulisema akivunjiwa analipwa miezi minne. Kwa hiyo tulikuwa tunalipa makocha wawili, mmoja akiwa nyumbani kwake, na tukasajili wachezaji wanne wa mkopo ambao hakuna klabu nyingine iliyowataka. Wawili kati yao hata majina yao sikuyazoea.

Baada ya kushuka, beki wetu wa kushoto alikuja ofisini kuchukua barua yake ya kuruhusiwa kuondoka. Kijana mkimya. Nikamuuliza, kwa utani wa mtu anayejisikia vibaya, kama anatulaumu. Akafikiri kidogo.

"Katibu, mwalimu wa kwanza wiki ile alikuwa ametuanzisha zoezi la kukaba krosi," akasema. "Tulilifanya siku tatu. Hatukulimaliza."

Nilirudi kwenye karatasi. Mabao mengi tuliyofungwa katika zile mechi 13 yalitokana na krosi, ile mipira inayopigwa kutoka pembeni kwenda mbele ya goli. Kocha alikuwa ameshaliona tatizo na alikuwa analishughulikia, lakini kwenye kamati hatukujua, kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Tulikuwa tunakutana naye baada ya mechi tu, na baada ya mechi kocha aliyefungwa huongea kama mtu aliyefungwa. Kocha mpya alikuja na mazoezi yake. Krosi tuliendelea kufungwa.

Tangu hapo nimekuwa na imani moja ambayo nimeigombania kwenye vikao vingi: kocha ahukumiwe kwa kile unachokiona Jumanne mazoezini kuliko kile unachokiona Jumamosi kwenye ubao wa matokeo. Jumamosi inachelewa kusema. Timu inaweza kuoza Septemba na ikaendelea kushinda hadi Novemba, na inaweza kupona Januari na ikaendelea kufungwa hadi Machi.

Nilipata nafasi ya kuijaribu imani hiyo miaka michache baadaye. Mara hii tulikuwa na kocha mwingine kabisa, mtu niliyempenda. Mechi 10, pointi 11, nafasi ya 11. Si nafasi ya kumfukuza mtu. Mashabiki walikuwa kimya, mwenyekiti alikuwa anafikiria mambo mengine. Mimi nilikuwa nimejizoesha kwenda mazoezini mara mbili kwa wiki, nakaa jukwaani na gazeti ambalo silisomi. Wiki ya kwanza niliona wachezaji wakati wa kunywa maji wanasimama makundi mawili, na mtu wa kundi moja haendi kwa lingine hata kuchukua chupa. Wiki ya pili niliona winga anakatisha zoezi na kwenda kukaa, na kocha anamwangalia tu, halafu anageuka upande mwingine. Wiki ya tatu kocha alibadilisha mfumo kwa mara ya tatu ndani ya mwezi, na nahodha akauliza swali kwa sauti ambayo haikuwa ya kuuliza.

Nilimfuata nahodha baada ya mazoezi. Hakutaka kusema. Nahodha mwenye adabu hamsemi mwalimu wake. Alichoniambia ni kwamba wachezaji wakishatoka kwenye maelezo ya kocha hukutana tena kwenye chumba cha kubadilishia nguo na kupanga upya wao wenyewe. "Tunajipanga tu, katibu, tusiaibike."

Hapo nilijua. Kocha anayefungwa bado ana kazi. Kocha ambaye maelezo yake yanahitaji kutafsiriwa chumbani na wachezaji hana kazi, hata kama anashinda. Nilikwenda kwake kwanza, kabla ya kamati, kwa sababu ile barua ya mwanzo bado ilikuwa inaniuma. Tulikaa kwenye benchi la wachezaji wa akiba saa mbili nzima. Nilimweleza nilichokiona. Hakubisha. Alisema alilipoteza kundi lile tangu alipomwacha benchi mchezaji fulani kwa jambo la nidhamu, na kwamba alikuwa sahihi kumwacha. Naamini alikuwa sahihi. Kuwa sahihi hakukumrudishia chumba.

Tofauti ya mara hii ni kwamba tulikuwa na mtu. Kabla ya msimu kuanza nilisisitiza kocha msaidizi aajiriwe na klabu, mkataba wake usifungwe na wa kocha mkuu. Baadhi waliona kama njama, na kwa kweli hata kocha mkuu aliniangalia vibaya alipoisikia. Lakini mawazo hayo niliyapata kwa kuangalia waliofanikiwa. Roberto Di Matteo alikuwa msaidizi wa André Villas-Boas pale Chelsea; Villas-Boas alipoondolewa Machi 2012, Di Matteo alibeba Kombe la FA na Ligi ya Mabingwa Ulaya msimu uleule. Hansi Flick alikuwa msaidizi wa Niko Kovač pale Bayern München kabla ya Novemba 2019, na 2020 alibeba mataji matatu makubwa. Zinédine Zidane alikuwa anafundisha timu ya pili ya Real Madrid alipopandishwa Januari 2016, na Mei akawa bingwa wa Ulaya. Emerse Faé alikuwa kwenye benchi la Ivory Coast wakati wenyeji hao walipofungwa 4-0 na Guinea ya Ikweta kwenye fainali za Mataifa ya Afrika zilizochezwa mwanzoni mwa 2024. Jean-Louis Gasset akaondoka mashindano yakiwa bado yanaendelea, timu ikapenya kama mmoja wa washindi wa tatu bora, na tarehe 11 Februari Faé akawa bingwa kwa kuifunga Nigeria 2-1.

Wote hao walikuwa tayari ndani ya nyumba. Walijua nani hapendi kupangwa kulia, nani ana goti bovu, nani anahitaji kupigiwa kelele na nani akipigiwa kelele anazima. Yupo Thomas Tuchel aliyetoka nje kabisa, akachukua Chelsea Januari 2021 na Mei akabeba Ligi ya Mabingwa. Naye ni Tuchel. Usipange maisha ya klabu yako kwa kumtegemea Tuchel apite barabarani. Tena tuseme ukweli: Chelsea, Bayern na Madrid hazikuwa timu dhaifu, zilikuwa na wachezaji wakubwa waliopoteza mwelekeo. Shakespeare na Jackson nao walitoka ndani, mmoja akaokoa, mwingine akashuka. Kuwa na mtu ndani kunakununulia wiki mbili tatu usizopoteza. Magoli hakuleti.

Kocha msaidizi wetu alichukua timu Jumatano, Jumamosi tukafungwa. Jumamosi iliyofuata tukafungwa tena. Hapakuwa na nyimbo getini, na mjumbe mmoja wa kamati alinitumia ujumbe wa maneno matatu ambao sitauandika hapa. Nilichokuwa nakiangalia ni chupa za maji. Wiki ya tatu makundi mawili yalikuwa yameshachanganyika, kwa shida, wakitaniana kwa maneno makali, lakini yamechanganyika. Tulimaliza nafasi ya 9. Hatukupaa, na kwa kocha yule aliyeondoka huenda tungemaliza nafasi hiyo hiyo. Nimeshajifunza kutodai kwamba najua. Ila ile barua ya pili niliandika ukweli, naye aliisoma kabla ya mwenyekiti.

Mwezi uliopita katibu wa klabu nyingine, kijana ambaye tulikutana kwenye semina, alinipigia simu usiku. Mechi 12, pointi 8, wamefungwa nne mfululizo. Nilimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mzee wangu, tumfukuze au tusimfukuze?"

Nikamuuliza mechi ngapi wamecheza nyumbani. Akasema lazima aangalie. Nikamuuliza nani majeruhi na anarudi lini. Alitaja mmoja, akasita. Nikamuuliza wakimfukuza kesho, Jumatatu jioni nani ataongoza mazoezi.

"Hilo tutalijua tukishamfukuza."

Nikamuuliza kama amewahi kwenda mazoezini siku ya kawaida. Akasema kazi ni nyingi. Nilimwomba asogeze kikao mbele hadi Ijumaa, na Jumanne aende akakae jukwaani tu, asimwambie mtu. Akasema atajaribu kuongea na mwenyekiti wake.

Kikao kilifanyika siku ileile kilichopangwa. Barua niliiona ikisambazwa asubuhi yake. Ilikuwa na sentensi tano, na ya mwisho ilisema uamuzi umefikiwa kwa makubaliano ya pande zote mbili.